Tarehe Nyingine

Mara ya kwanza kuangalia filamu ya Gett nilikuwa kitandani, laptopu juu ya magoti, na mwenzangu amelala kando yangu akiangalia ukuta. Asubuhi ya siku hiyo kesi yake ya talaka ilikuwa imetajwa kwa dakika nne. Nilizihesabu. Hakimu alikuwa kwenye skrini, mawakili kwenye skrini, na sisi tulikuwa ndani ya gari, tumeegesha kando ya kituo cha mafuta kwa sababu hapo ndipo mtandao hushika vizuri. Wakili wa upande ule akasema hajapewa nakala ya hati fulani. Hakimu akatoa tarehe nyingine. Ilikuwa mwezi wa tatu, tukapewa mwezi wa sita. Mwenzangu akazima simu, akasema, "Twende tukule."

Aliyenitumia jina la filamu ni rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Hakueleza kitu. Aliandika tu, "Hii ni nyinyi."

Sasa nimeiangalia mara tatu na naweza kumjibu. Si sisi. Ama tuseme ni sisi, lakini si vile alivyofikiria. Katika hadithi hii mimi si yule mwanamke anayengoja talaka. Mimi ni mtu ambaye filamu haikumwekea hata kiti.

Kwa wale hawajaiona: Gett ilitoka 2014. Walioiandika na kuiongoza ni dada na kaka, Ronit Elkabetz na Shlomi Elkabetz, na Ronit mwenyewe ndiye anayeigiza Viviane Amsalem. Ni ya mwisho katika filamu tatu kuhusu mwanamke huyo na mumewe, Elisha. Za kwanza zilitoka 2004 na 2008. Ronit alifariki 2016, kwa hivyo hakuna ya nne ya kutuambia Viviane alienda wapi baada ya pale. Hadithi yenyewe inatosha sentensi moja: mke anataka talaka, mume hataki, na wanaenda kortini miaka mitano.

Miaka mitano, na huyo mume hana wazimu wala hampigi mkewe. Kinachofanya iwezekane ni sheria. Ndani ya Israel hakuna ndoa ya kiserikali. Mambo ya ndoa na talaka yako mikononi mwa mahakama za dini. Kwa Wayahudi hiyo ni mahakama ya marabi, na katika sheria yao talaka ni hati ambayo mume anampa mke kwa mkono wake na kwa hiari yake. Hati hiyo ndiyo get. Marabi wanaweza kumshauri mume, wanaweza kumkemea, na tangu sheria iliyopitishwa 1995 wanaweza hata kumnyang'anya leseni ya kuendesha gari au kumtia ndani. Kitu kimoja hawawezi: kuitoa talaka kwa niaba yake. Na mke ambaye hajaipata hawezi kuolewa tena. Akizaa na mwanamume mwingine, mtoto anabeba alama ya kidini itakayomfuata mpaka siku atakapotaka kufunga ndoa yake mwenyewe. Mume akizaa nje na mwanamke asiye na mume, mtoto wake habebi alama hiyo.

Kwa hivyo wawili wanaingia mahakamani wakionekana wako katika kesi moja, kumbe kila mmoja yuko katika kesi yake. Mmoja ana saa, mwingine anaangaliwa na saa.

Filamu inalijua hilo na inalionyesha bila kulihubiri. Hatutoki nje ya jengo la mahakama hata mara moja. Kuna chumba cha kesi, kuta nyeupe, meza, na kuna mahali pa kungojea nje ya mlango. Nyumba ya Viviane hatuioni. Kazi yake hatuioni, watoto wake hatuwaoni. Tunaruka miezi kwa maandishi mafupi kwenye skrini, na kila maandishi yakitokea, kitu kinachobadilika ni nguo na uchovu. Kuna siku mume hafiki kabisa. Wanangoja, wanaangalia mlango, halafu wanaenda nyumbani. Mara ya kwanza kuona hiyo nilicheka kwa sauti mpaka mwenzangu akageuka. Nilicheka kwa sababu naijua. Mtu ambaye hajawahi kuwa na kesi hudhani kesi ni maneno makali na nyundo ikigonga meza. Kesi ni faili kutoonekana. Kesi ni wakili wako kukuambia, "Leo tunataja tu."

Kamera nayo haisimami mahali pasipo na mtu. Kila picha ni jicho la mtu fulani aliye ndani ya chumba. Mwanzoni tunawaona wanaume wakiongea na kumtazama Viviane, na sisi bado hatujamwona. Tunajua yuko kwa sababu macho yao yanaenda upande wake. Baadaye kuna kipande ambapo anafungua nywele zake, anazishusha mgongoni, anazipitisha mkono, bila hata kufikiria. Jaji anamfokea azifunge. Hajasema neno. Ni nywele tu. Lakini katika chumba hicho mwili wa mke ambaye hajaachwa bado ni mali ya kesi, na nywele ni ushahidi.

Mashahidi ndio walionifanya niheshimu uandishi wa filamu hii. Wanakuja majirani na jamaa kueleza kama ndoa ya Amsalem ilikuwa nzuri au mbaya, na kila anayefungua mdomo anafichua ndoa yake mwenyewe. Kuna jirani mwanamke anayemsifu Elisha, na kadri anavyomsifu ndivyo tunavyoona anamwogopa mume aliyekuja naye. Waandishi wavivu wangeleta shahidi wa kuthibitisha Elisha ni mnyama. Hawa wamekataa. Elisha anaswali, analipa bili, hanywi. Hakuna kosa la kumshika nalo, na hapo ndipo Viviane anapokwama. Sababu yake ni kwamba hampendi, na mahakama haina sanduku la kuweka sababu hiyo.

Nilipokuwa nikiangalia nilikumbuka kitabu cha seti. Wengi wetu tulisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa 1980, na tukajibu maswali ya insha kuhusu Maksuudi. Yule bwana anamwacha mkewe, Bi Tamima, akiwa ametoka tu kujifungua. Neno linatoka kinywani na mwanamke yuko nje. Mwalimu wetu alitufundisha kuiona talaka hivyo, kama kofi, kitu kinachokuja ghafla na kumwangusha mtu asiye na nguvu. Hakuna aliyetufundisha kwamba kuna talaka nyingine inayoumiza kwa kukataa kuja. Maksuudi na Elisha ukiwaweka meza moja wangegombana kuhusu kila kitu, lakini wanashikilia kalamu moja. Mmoja anaandika haraka, mwingine hataki kuandika. Mke hana kalamu kwa vyovyote vile.

Sasa mwisho. Kama hujaiona na hutaki kujua, ruka aya mbili.

Baada ya miaka yote hiyo Elisha anakubali. Wanakuja na mwandishi wa hati, mashahidi wanasimama, kila kitu kinakwenda kwa utaratibu. Mume anatakiwa kurudia maneno ya kumwachilia mke, na ndani ya maneno hayo kuna kipande kinachosema kwamba tangu sasa mke huyu ni halali kwa mwanamume yeyote. Elisha anafika hapo na mdomo unakataa. Ameyasema mengine yote. Hilo moja haliwezi. Sherehe inavunjika.

Baadaye, wakiwa wawili peke yao, anamwambia masharti yake: aape kwamba hatakuwa na mwanamume mwingine maishani mwake. Na Viviane, mwanamke aliyepigana miaka mitano, anaapa. Kwa bei hiyo anapata uhuru. Nikakaa na laptopu imezimika yenyewe kwa kukosa kuguswa. Kumbe ugomvi haukuwa wa ndoa yao. Ndoa yao ilishakufa na Elisha anajua. Alichokuwa akipigania ni ndoa inayofuata, ile ambayo bado haipo, na mtu ambaye hata hajatokea. Hiyo ndiyo sehemu kubwa zaidi ya filamu na nadhani haijapitwa na filamu yoyote ya kortini niliyowahi kuona.

Lakini nina lalamiko, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Viviane hana mtu. Upande wa mume unajaribu kumtafutia: unadokeza kwamba wakili wake anampenda, unauliza alionekana na nani, wapi. Filamu inaacha wasiwasi huo uelee hewani, halafu inahakikisha hakuna kitu. Yeye ni msafi. Hajamgusa mtu, hajaahidi mtu, hakuna mtu anayemngojea kwenye gari nje ya mahakama. Na kwa sababu ni msafi, sisi watazamaji tunapata raha kubwa. Tunaweza kumtetea bila kujichafua. Hasira yetu haina swali lolote ndani yake.

Najua kwa nini waliandika hivyo. Wangempa mpenzi, nusu ya watazamaji wangesema aah, kumbe ndiyo sababu. Hoja ya filamu ni kwamba hata mwanamke asiye na dosari anafungwa, na hoja hiyo inahitaji mwanamke asiye na dosari. Lakini talaka inayopingwa, katika maisha ninayoyajua, haina watu wa namna hiyo. Watu hawangoji miaka mitano mikono ikiwa magotini. Wanapenda, wanahamia nyumba moja, wanapata mtoto, wanachangiwa shingo upande na jamaa zao. Sheria inauma hapo hasa, pale ambapo mtu anayengoja ameshaanza kuishi. Filamu ambayo haitaki kumwangalia mtu huyo imechagua kesi rahisi kati ya kesi ngumu.

Nilimpata mtu huyo kwingine, katika filamu ya zamani kidogo. Divorce Iranian Style ni ya 1998, ya kweli si ya kuigiza, na walioitengeneza ni Kim Longinotto wa Uingereza na Ziba Mir-Hosseini, mwanaanthropolojia kutoka Iran. Waliweka kamera katika mahakama ya familia mjini Tehran na kuacha wanawake waje na mashauri yao. Huko sheria ilimpa mume njia pana ya kuacha na mke njia nyembamba ya kuachwa. Wengi tunaowaona wanatumia mahari yao kama silaha, wanaidai au wanaisamehe ili wapate kuondoka. Kuna binti mdogo wa karani ambaye, jaji akitoka, anapanda kiti chake na kuigiza kazi yake. Anaijua yote. Nilimpenda.

Lakini ninayetaka kumzungumzia anaitwa Maryam. Maryam ameshaachwa na ameshaolewa tena. Kesi yake ni watoto, mabinti zake, kwa sababu katika sheria ya pale mama akiolewa na mwanamume mwingine anapoteza haki ya kukaa nao. Anabembeleza, anapiga kelele, anarudi kesho. Kuna wakati anararua amri ya mahakama kwa mikono yake, na akiulizwa, anakana. Anadanganya mbele ya jaji na sisi tunajua. Ukitaka shujaa wa kubandika ukutani, si yeye.

Na bado ndiye aliyebaki kichwani mwangu. Viviane anauliza, niachilieni. Maryam anauliza kitu kigumu zaidi: kwa nini nilipe watoto wangu kwa kupenda tena? Elisha alimwapisha Viviane asiwe na mtu. Sheria ya Maryam haikuhitaji kiapo, iliweka tu bei na ikangoja aone kama ataweza kulipa. Maryam alienda akaolewa. Bei ikaja. Filamu ya Longinotto na Mir-Hosseini haimsafishi ili tumwonee huruma. Inamwacha na uongo wake na karatasi zilizoraruka, inatuuliza kama bado tuko upande wake. Mimi bado niko. Lakini ilibidi nifikirie kwanza, na hiyo ndiyo kazi ambayo Gett haikunipa.

Basi nirudi kwangu, kwa sababu nimejificha nyuma ya filamu vya kutosha.

Mwenzangu alifunga ndoa kanisani miaka tisa iliyopita. Walitengana. Amepeleka ombi la talaka na mkewe analipinga. Mama yangu anaishi nyumbani, mashambani, na kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia. Kwa muda mrefu alikuwa na swali moja: huyu kijana anakuja lini? Nikamweleza mambo ya korti. Akanyamaza, halafu akatoa suluhu ambayo naamini akina mama nusu ya nchi hii wangetoa.

"Mwanangu, korti ni ya wazungu. Waje na mbuzi, wazee waongee, mambo mengine yatafuata."

Nilipompelekea wakili wetu wazo la mbuzi, alivua miwani. Sheria ya Ndoa ya 2014, akasema, inatambua ndoa za aina 5: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Tatu kati ya hizo, ya Kikristo, ya kiserikali na ya Kihindu, ni za mke mmoja. Mtu aliye ndani ya ndoa ya mke mmoja hawezi kuingia nyingine ya aina yoyote mpaka ile ya kwanza iishe kisheria, na kuisha kisheria si kutengana, si kuhama, si kupeleka ombi, na si hata kushinda siku ya hukumu. Ni ile amri ya mwisho mkononi. Kabla ya hapo ndoa mpya ni batili, hata kama wazee walikunywa na kubariki. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171, inasema anayefunga ndoa ya pili ilhali mwenzi wake wa kwanza yuko hai na ile ndoa ya pili ni batili kwa sababu hiyo, anaweza kufungwa miaka 5.

"Lakini mbuzi mmoja tu," nikasema. "Si harusi."

Akaniambia mbuzi mmoja ndiye tatizo. Sheria hiyo hiyo inasema, pale ambapo mahari inahitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, hata kiasi kidogo cha mahari kinatosha. Iliandikwa kuwalinda wanawake ambao waume walitoa kidogo na wakakana baadaye. Kwetu ingefanya kazi kinyume: tungekuwa tumejitengenezea ushahidi wenyewe.

Halafu akanieleza jambo ambalo sijaweza kulisahau. Kwa miaka mingi Sheria ya Urithi imekuwa na kifungu kinachomwangalia mwanamke aliyeolewa kwa mila na mwanamume ambaye tayari ana mke wa ndoa ya mke mmoja, na kumhesabu kuwa mke kwa ajili ya urithi. Maana yake mwanamke kama mimi angeweza kuwa si mke kabisa wakati mume anapumua, halafu akaanza kuitwa mke siku ya mazishi. Umeona kwenye habari zile mazishi ambapo familia mbili zinasimama pande mbili za jeneza? Ndipo sheria zetu mbili hukutana. Nikafikiria, hii ndiyo filamu ambayo hakuna mtu ametengeneza hapa. Tunatengeneza za mpango wa kando, tunacheka, mke halali anatoa kiatu. Ya mwanamke ambaye ndoa yake inaanza kwenye tangazo la kifo, hapana.

Na kuna jambo lingine. Nilisoma majibu ya mkewe. Sikupaswa, lakini karatasi zilikuwa mezani na mwenzangu alikuwa bafuni. Kurasa kumi na moja. Nilitafuta Elisha humo ndani. Nilitaka sana kumpata: mtu mkaidi, anayekataa kwa sababu tu ya kukataa, ili nijue nani wa kumchukia. Aya ya 14 inanitaja mimi. Si kwa jina. "Mwanamke ambaye mwombaji anaishi naye". Aya zingine zinataja nyumba ambayo bado ina mkopo, na bima ya matibabu inayopitia kazini kwake, na mtoto mwenye pumu anayetumia bima hiyo. Anaomba mahakama iwape nafasi ya kupatanishwa. Anasema mumewe aliondoka mwezi mmoja kabla ya kunijua mimi. Mwenzangu anasema ni miaka miwili.

Mimi najua tarehe niliyokutana naye. Tarehe ambayo ndoa yao iliisha, sijui. Wao wenyewe hawajakubaliana. Ndiyo maana wako kortini.

Niliporudi kwa Gett mara ya tatu, ilikuwa baada ya hizo kurasa kumi na moja. Nikagundua kwamba usiku ule wa kwanza, nikimsikitikia Viviane, nilikuwa nimemweka mwenzangu kwenye kiti chake na mkewe kwenye kiti cha Elisha, na hesabu ikakubali vizuri sana. Anayetaka kutoka, anayekataa. Lakini nguvu haziko hivyo. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuingia, wakati wa kukaa na wakati wa kuvunja ndoa. Mkewe hana kalamu ya Elisha. Kupinga kwake kuna mwisho: hakimu akiridhika kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka, itavunjwa hata akilia. Anachoweza kupata ni muda, na kwa huo muda labda nyumba na bima. Kukataa kwa mtu mwenye nguvu na kukataa kwa mtu anayetafuta kusikilizwa vinaweza kufanana kabisa kwenye skrini ya simu. Vyote vinasikika kama, "Mheshimiwa, naomba tarehe nyingine."

Sisemi kungoja hakuniumi. Kunaniuma. Nina miaka 33 na nimeacha kwenda kwa harusi za marafiki kwa sababu ya swali la mezani. Wakili ametuambia tusiweke picha mtandaoni. Kila mwezi kuna siku moja naamka nikitaka huyo mwanamke aweke sahihi tu, amalize, atuache. Kwa siku hizo mimi ndiye jaji anayeangalia saa na kumwambia Viviane afunge nywele. Hilo sikuliona mara ya kwanza, na nimeishukuru filamu kwa kunionyesha, hata kama haikukusudia.

Kwa hivyo ningemwambia nini mtu anayetaka kuziangalia? Anza na Gett. Itakufundisha kungoja kunafananaje, na hakuna filamu nyingine ninayoijua inayofundisha hivyo. Halafu usilale na hasira yake safi. Nenda kwa Maryam, yule aliyerarua karatasi. Ukimaliza, jiulize ungekaa upande gani wa chumba. Mimi nilidhani najua.

Mwezi wa sita ulifika. Kesi ilitajwa tena, tukiwa kwenye gari lile lile, kituo kile kile cha mafuta. Safari hii kuna siku ya kusikilizwa, mashahidi na kila kitu. Jumapili nikampigia Mama kabla hajanipigia. Nikamwambia hakuna mbuzi. Nikamweleza mambo ya kiasi kidogo cha mahari, polepole, kama vile wakili alivyonieleza.

Akafikiria. "Kwa hivyo mnaweza kuja kunisalimia, lakini mikono mitupu?"

"Ndiyo, Mama. Mikono mitupu."

"Hata kilo mbili za sukari?"

Nikamwambia sukari nitaibeba mimi, kwa mfuko wangu, na nitampa mimi. Yeye atatembea nyuma yangu bila kitu. Mama akasema sawa, lakini jirani wataniuliza huyu ni mgeni wa aina gani. Nikamwambia awaambie kesi bado.